Lalo Schifrin: mpiga piano wa jazz aliyegeuka "mpangaji" Hollywood (uzi mrefu, njoo na chai yako)

Kinanda Chakavu

Wakuu, salaam.

Kuna wimbo mmoja hauna hata neno moja, lakini naamini kila aliyemo humu anaujua. Wengine mmeshauweka kuwa mlio wa simu. Mtoto akinyata kwenda jikoni kuiba sukari, anauimba kwa mdomo. Ni ule wa Mission: Impossible. Sasa uliza umetungwa na nani. Kati ya watu kumi, tisa watakutajia Tom Cruise, wa kumi atakwambia ni muziki wa Wamarekani tu.

Aliyeutunga ni Lalo Schifrin, Muajentina, mpiga piano wa jazz. Alifariki Juni 26, 2025 akiwa na miaka 93. Siku ile nilijiahidi kuleta uzi, uvivu ukanizidi, leo nimeamua. Mimi napiga kinanda kwenye bendi ya hotelini, na pembeni napangia kwaya muziki. Kwa hiyo nitamsema kama fundi anavyomsema fundi mwenzake, mniwie radhi nikizama.

Alizaliwa Buenos Aires, Juni 21, 1932, na jina la kwenye vyeti ni Boris Claudio Schifrin. Baba yake, Luis, alikuwa mpiga violini kwenye orkestra ya Teatro Colón, jumba kubwa la opera la mji ule. Nyumba ya namna hiyo huulizwi kama unataka muziki au hutaki. Akiwa na miaka 6 akakabidhiwa kwa Enrique Barenboim afundishwe piano. Jina hilo kama linakugonga ni sahihi, ndiye baba yake Daniel Barenboim yule kondakta.

Chuo kikuu akasoma sosholojia na sheria. Angeweza kuishia wakili. Mwaka 1952 akapata nafasi ya kwenda Paris, na hapo ndipo maisha yake yakawa mawili ndani ya siku moja: mchana Conservatoire, chuo cha muziki, kwenye darasa la mtunzi Olivier Messiaen, usiku kwenye klabu za jazz akisaka nauli na chakula. Paris hiyo hiyo alipiga na Ástor Piazzolla, yule aliyeipindua tango mpaka wazee wa Buenos Aires wakamkasirikia.

Akarudi nyumbani, akaunda bendi kubwa ya jazz. Mwaka 1956 Dizzy Gillespie, mpuliza tarumbeta maarufu wa jazz, akafika Buenos Aires kwenye ziara iliyolipiwa na serikali ya Marekani. Kijana akapata bahati ya kupiga mbele yake. Dizzy akamuuliza kama mipangilio ile (yaani ala gani ipige nini na lini) kaiandika mwenyewe. Akajibu ndiyo. Dizzy akamwambia aje Marekani.

Angalieni alichoulizwa. Hakuulizwa kama vidole vyake vina kasi, aliulizwa nani kapanga. Uzi wangu wote umekaa hapo.

Naendelea baadaye, zamu yangu inaanza saa moja.

Bint Makorora

Nimefungua nikidhani ni uzi wa mpangaji na mwenye nyumba, nimekuja na kesi yangu ya luku kabisa 😂

Haya nimekaa. Endelea mkuu.

Jirani wa Feri

Mkuu, Mission Impossible ni filamu ya 1996. Huyo mzee alikuwa na miaka sitini na kitu. Una uhakika?

Kinanda Chakavu

Jirani wa Feri, ya 1996 ni ya Tom Cruise. Kabla yake kulikuwa na tamthilia ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, mtayarishaji akiitwa Bruce Geller. Muziki ni wa huko. Nitafika, usinirukishe.

Tuendelee. Alihamia New York mwaka 1958. Usifikiri alipokelewa kwa maua. Aliandikia mipangilio orkestra ya Xavier Cugat, ile ya muziki wa dansi wa Kilatini kwa matajiri. Mwaka 1960 akamwendea Dizzy, akamwonyesha michoro ya kazi ndefu aliyomtungia, inaitwa Gillespiana. Ina sehemu tano, na mojawapo inaitwa Africana. Dizzy akakubali kuirekodi, na papo hapo akampa kiti cha piano kwenye kikundi chake cha watu watano. Alikaa pale mpaka 1962.

Itafuteni Gillespiana muisikilize kwa sikio la mpangaji. Ile ni bendi ya watu watano imewekwa mbele ya ukuta wa shaba: tarumbeta, tromboni, honi, tuba. Safu ya saksafoni iliyozoeleka kwenye bendi kubwa haimo kabisa. Saksafoni na filimbi anazo mtu mmoja tu, Leo Wright, aliyekuwa kwenye lile kundi la watano. Kwa hiyo akipuliza hagombani na mtu. Kila sauti ina chumba chake.

(Bint Makorora, umeona? Mpangaji na vyumba. Hukupotea njia.)

Na kuna kitu cha pili alichojifunzia kwa Dizzy. Mpiga piano nyuma ya mpuliza tarumbeta kazi yake ni kusindikiza. Unarusha kodi (noti kadhaa kwa mpigo mmoja) mbili, unanyamaza, unasikiliza anaelekea wapi, unarusha nyingine. Ukijaza kila pengo, mwenzio hana pa kupita. Mimi nasema muziki wake wote wa filamu ni huo huo. Alibadilisha tu anayemsindikiza: badala ya Dizzy, akawa anaisindikiza picha.

Mwaka 1963 akahamia Hollywood, studio za MGM. Moja ya kazi za mwanzo kabisa ilikuwa Rhino! ya 1964, filamu ya vifaru iliyopigwa kusini mwa Afrika. Mwaka huo huo akampangia Jimmy Smith, mfalme wa ogani, albamu ya The Cat, na wimbo wenyewe ukampa tuzo ya Grammy. Ukitaka kujua ogani moja inaweza kusukumwa vipi na jeshi la matarumbeta bila kumezwa, anza na huo.

Mzee wa Besi

Nakubaliana nawe kasoro sehemu moja. Watu kama hawa ndio walioua jazz. Alikaa na Dizzy miaka miwili, miwili tu, kisha akakimbilia hela za sinema. Jazz ni kubuni palepale jukwaani. Ukishaandika kila noti na kuihesabu kwa sekunde ili iendane na gari linalogeuka kona, hiyo si jazz, ni ushonaji.

Kinanda Chakavu

Mzee wa Besi shikamoo. Ushonaji nao ni ufundi, mwambie fundi wako wa suti kwamba kazi yake si kitu uone.

Lakini hoja yako naiheshimu. Hao watu walikuwa wengi, hakuwa peke yake. Henry Mancini alitokea kwenye orkestra ya Glenn Miller, mpiga piano na mpangaji. John Williams wa Star Wars alianza kama mpiga piano wa studio na wa jazz. Ile piano ngumu inayozunguka chini ya wimbo wa Peter Gunn wa Mancini ni vidole vya Williams. Michel Legrand kule Ufaransa, piano. André Previn, piano. Mimi naona sababu iko wazi: piano inakuonyesha sauti zote kwa pamoja mbele ya macho yako, na jazz inakufundisha kuamua haraka. Studio ya filamu inakupa wiki chache, wakati mwingine siku chache. Nani mwingine ataweza?

Sasa Mission: Impossible. Nyoosheni mikono juu ya meza.

Nyimbo nyingi unazozijua zina mapigo manne au matatu. Huu una mapigo matano. Lakini usihesabu moja mpaka tano, utapotea. Hesabu vipande vidogo kumi, uvigawe hivi: tatu, tatu, mbili, mbili. Gonga meza kila kipande kinapoanza:

MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili, MOJA-mbili.

Ndefu, ndefu, fupi, fupi. Kuna maelezo maarufu kwamba ndiyo herufi za M na I kwa mtindo wa simu za zamani za Morse, yaani vistari viwili kisha vinukta viwili. Na kweli zinalingana, jaribu. Mwenyewe alipoulizwa kwa nini mapigo matano alipenda kutania: binadamu wana miguu miwili ndiyo maana wanacheza kwa mbili na nne, yeye aliwatungia viumbe wa anga za mbali wenye miguu mitano.

Kwa walioimba kwaya, besi yake kwa sol-fa ni hii: l – l – d – r, kisha l – l – s – se. Basi. Noti tano tu zinazozungukwa. Juu yake ngoma ndogo za bongo zinachezacheza, filimbi zinashuka kwa vijipande vya noti tatu tatu. Hakuna kingine cha ajabu pale.

Na hapa nasema langu, mnaweza kunipinga. Ile tatu-tatu-mbili ya mwanzo ni kipigo cha Buenos Aires. Kimo kwenye milonga, Piazzolla alikitumia mpaka basi, na ukikaa na rumba za Kikuba na za Kongo utakikuta kimejificha humo humo. Schifrin alichofanya ni kuongeza "mbili" moja zaidi mwishoni. Mwili wako unajiandaa kurudi mwanzo, yeye anakuchelewesha hatua moja. Ndio ule wasiwasi unaousikia.

Dada wa Sol-fa

Nimeimba l l d r mezani mpaka mume wangu amezima televisheni anisikilize. Imekubali!

Swali: bendi ya U2 si ndio waliouimba tena?

Kinanda Chakavu

Wawili wao, Adam Clayton wa besi na Larry Mullen wa ngoma, kwa ajili ya ile filamu ya 1996. Na unajua walifanya nini? Wakaupeleka kwenye mapigo manne ili watu wa disko waweze kuucheza. Yaani walimkata yule kiumbe mguu mmoja. Ulivuma sana, siwezi kukataa, lakini sikiliza yote miwili mfululizo. Wa mapigo manne unatembea barabarani. Wa matano unanyata.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui: Schifrin hakuutunga uwe wimbo wa mwanzo. Alikuwa ameandika kipande hicho kwa ajili ya tukio la kutoroka ndani ya kipindi, na wimbo wa ufunguzi ulikuwa mwingine. Geller akakisikia, akasema hiki ndicho cha kufungulia.

Mpwa wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Sisi huku tumelelewa na Bruce Lee kwenye vibanda vya video, mtafsiri anaongea juu ya sinema mwanzo mwisho. Enter the Dragon nimeiona labda mara thelathini na sijawahi kuusikia muziki wake sawasawa, maana jamaa hanyamazi! Nimesikia ati ni huyu huyu mzee. Ukweli?

Kinanda Chakavu

Ukweli mtupu. Enter the Dragon, 1973. Na Schifrin alisimulia kwamba Bruce Lee alikuwa akifanya mazoezi kwa kutumia muziki wa Mission: Impossible, hivyo alimjua kabla hawajafanya kazi pamoja. Bruce Lee akafariki Julai 20, 1973, filamu ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwezi uliofuata.

Muziki wenyewe ni gita la umeme la fanki, ngoma, halafu ala za nyuzi zinazopiga ngazi ya Mashariki. Wengine wanasema ni Asia ya kwenye katuni, na siwezi kuwabishia sana. Ila lile fanki chini yake, mwanangu! Mkurugenzi wa Rush Hour ya 1998, ya Jackie Chan na Chris Tucker, alimfuata Schifrin kwa sababu hiyo hiyo, alitaka ladha ile.

Mpwa, itafute bila mtafsiri, uanzie kwenye majina.

Mzee wa Besi

Mimi niliiona kwenye jumba la sinema mjini, bado kijana. Hatukusikia muziki kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele "huwaaa". Lakini nikiri, kuna yake moja imenikaa: Bullitt. Steve McQueen na lile Mustang.

Kinanda Chakavu

Mzee umenitoa machozi, hiyo ndiyo nilikuwa nimeihifadhi.

Bullitt, filamu ya 1968, San Francisco. Mustang la kijani la askari, Dodge Charger jeusi la wauaji. Kila mtu anakumbuka ule mfukuzano, unachukua kama dakika kumi. Sasa muulize mtu: muziki wa pale unaendaje? Atakuimbia kitu. Anakudanganya. Pale hakuna muziki.

Ufuatilie tukio kwa makini. Magari yananyemeleana taratibu kwenye vilima. Besi inatembea, ngoma, shaba inaongezwa kidogo kidogo, inapanda, inapanda. Dereva wa Charger anajifunga mkanda. Unaona mkono na kile kishikizo, unajua kazi imeanza. Matairi yanalia, na muziki unakatika. Kuanzia hapo ni injini, breki na vyuma. Injini ndiyo zinapiga solo. Yeye aliyelipwa kuandika muziki ndiye aliyeshauri pale usiwepo.

Niliwahi kupangia kwaya moja, jina naliweka kapuni, wimbo wa Pasaka. Nilijaza. Tarumbeta kwenye beti, violini za kinanda kwenye beti, ngoma zinajibu, sauti ya nne imegawanywa mara mbili. Siku ya kurekodi mama mmoja wa sauti ya pili akaniuliza, "Mwalimu, sisi tunaingilia wapi?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaangalia lile tukio la Mustang mara tatu. Kesho yake nikafuta nusu.

Fundi Mkaa Nyuma

Umegusa kidonda. Mimi nimepanga nyimbo za watu zimevuma redioni, kwenye kasha jina langu halipo. Mpangaji hapa kwetu ni kama mtu anayeegesha viti kabla ya harusi. Huyo Schifrin alipataje kujulikana?

Kinanda Chakavu

Fundi, hata yeye sehemu kubwa ya kazi zake watu hawajui ni zake. Mifano mitatu:

The Man from U.N.C.L.E., tamthilia ya televisheni. Wimbo ulitungwa na Jerry Goldsmith. Msimu wa pili wakampa Schifrin aupange upya. Noti ni za mwenzake, koti ni lake.

Cool Hand Luke, 1967, ya Paul Newman. Kuna tukio lami inamwagwa barabarani na wafungwa wanaamua kuifukia kwa kasi mpaka walinzi wanashangaa. Muziki wa pale, wa haraka wenye kugongagonga kama mashine ya simu za maandishi, ukachukuliwa kuwa wimbo wa taarifa ya habari ya kituo cha ABC cha New York, na vituo vingine vya mtandao huo vikafuata. Watu wakala chakula cha jioni miaka na miaka wakisikia wafungwa wakifukia lami, bila kujua.

Na ya tatu itawashangaza wa kwaya. Roma, Julai 7, 1990, mkesha wa fainali ya Kombe la Dunia. Waimbaji wa opera Pavarotti, Domingo na Carreras kwenye magofu ya Caracalla, kondakta Zubin Mehta. Mseto ule wa nyimbo za nchi mbalimbali ambao wote watatu wanapokezana, nani kaupanga? Schifrin. Wanaume watatu wenye sauti za kuvunja vioo, kila mmoja anataka noti ya juu iwe yake, na yeye ndiye anaamua nani anaingia lini. Afadhali ya Bullitt, gari halina wivu.

Biti Kali

Nyie wazee mmesahau kizazi chetu. Mimi ni mtengeneza biti. Danube Incident ya Schifrin ndiyo kionjo kilichokatwa na bendi ya Portishead kwenye wimbo wao Sour Times, 1994. Kipande kile kina kitu kama kinanda cha nyuzi cha Ulaya Mashariki kinacholia, nikikiweka studio hata wasanii wa singeli wanauliza ni nini.

Kinanda Chakavu

Asante Biti Kali, hilo nilikuwa nimelipitia mbali. Kinatoka kwenye albamu ya pili ya muziki wa Mission: Impossible.

Jirani wa Feri

Nimeelewa sasa, nilikuwa nabisha bure. Alishinda Oscar ngapi?

Kinanda Chakavu

Alipendekezwa mara sita. Hakushinda hata moja. Mwaka 2018 wakampa ya heshima, akiwa na miaka 86, na aliyemkabidhi ni Clint Eastwood, ambaye Schifrin alimwandikia muziki wa Dirty Harry (1971). Humo muuaji anapokaribia unasikia sauti ya mwanamke isiyo na maneno, kama mtu anaota. Sikilizeni usiku mkiwa wengi.

Alikataliwa pia. The Exorcist ya 1973, mkurugenzi William Friedkin aliutupa muziki wake wote, akatumia wa watu wengine, ukiwemo Tubular Bells wa Mike Oldfield. Kwa hiyo Fundi, ukirudishiwa kazi na mchungaji usilie sana.

Na Mzee wa Besi, kuhusu kuikimbia jazz: kuanzia miaka ya 1990 alirekodi albamu kadhaa za Jazz Meets the Symphony, piano anapiga mwenyewe, orkestra kubwa nyuma, na kwenye besi ni Ray Brown, gwiji wa besi wa jazz. Ray Brown, mzee wangu. Alirudi nyumbani na mgeni.

Mzee wa Besi

Ray Brown? Ungeanza na hilo. Nitumie jina kamili la hiyo albamu, nimfute usingizi mjukuu aniwekee.

Bint Makorora

Niko ofisini nagonga meza tatu-tatu-mbili-mbili tangu asubuhi. Jirani wa dawati la pili amefungua mlango mara mbili akidhani kuna mgeni.